Kutengeneza bodi za saketi nyumbani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa fundi redio, mwanafunzi wa ufundi, na yeyote aliyechoka na nyaya zinazochomoka kila meza ikiguswa. Njia iliyoelezwa kwa kirefu ni ya kuhamisha tona, yaani unga wa printa ya leza, kutoka karatasini hadi kwenye shaba kwa pasi, kwa sababu vifaa vyake vinapatikana hata katika mji mdogo, mradi tu una duka la stesheneri na duka la dawa. Watu wengi huogopa asidi inayokula shaba isiyotakiwa, lakini bodi nyingi huharibika kabla asidi haijafunguliwa. Ndiyo maana maswali ya kusafisha shaba, karatasi na pasi yamejibiwa kwa urefu kuliko mengine.

Bodi yenyewe ni kitu gani?

Ni ubao mwembamba usiopitisha umeme, uliobandikwa ganda la shaba upande mmoja au pande zote mbili. Shaba isiyotakiwa inaliwa na kemikali, na inayobaki ndiyo njia za umeme. Wazo hili ni la zamani: Paul Eisler, mhandisi mzaliwa wa Vienna, alitengeneza redio yenye saketi ya namna hii akiwa Uingereza mwaka 1936. Kiwandani na jikoni kwako kanuni ni ileile.

Madukani utakutana na aina mbili. Ya kahawia, ambayo ni karatasi iliyoshindiliwa kwa resini (FR-1 au FR-2), ndiyo iliyomo kwenye redio na televisheni za zamani. Ni rahisi kukata na kutoboa, ila ina harufu kali ukiichoma, na pedi zake, yaani vile vidoti vya shaba vya kulehemia miguu ya vipande, hubanduka haraka joto likizidi. Ya pili ni FR-4, ya nyuzi za kioo na epoksi, yenye rangi ya kijani-njano hafifu. Hii ni imara zaidi, lakini inamaliza makali ya keekee. Unene wa kawaida ni milimita 1.6, na shaba yake huwa ya maikromita 35. Kwa anayeanza, nashauri ya kahawia. Ukishazoea, hamia FR-4.

Kwa nini nisiagize tu kutoka China?

Agiza, kama unaweza kusubiri. Viwanda vya Shenzhen vinatoza dola chache tu kwa bodi ndogo tano za pande mbili, zenye rangi, maandishi na matundu yaliyopakwa shaba ndani. Kwa ubora huwezi kushindana nao nyumbani, na anayekuambia unaweza anakudanganya. Kinachouma ni usafirishaji: mara nyingi unazidi bei ya bodi zenyewe, na wa bei rahisi unachukua wiki kadhaa.

Nyumbani kunafaa pale unapotaka bodi leo jioni, moja tu, ya upande mmoja, na bado huna uhakika kama saketi itafanya kazi. Mwanafunzi mwenye mradi wa kuwasilisha wiki ijayo hana muda wa kungoja mzigo. Fundi anayetengeneza upya kipande kilichoungua cha mashine ya mteja naye hana. Nje ya hapo, tuma mchoro kiwandani.

Nitumie programu gani kuchora?

KiCad. Ni ya bure, haina kikomo cha ukubwa wa bodi, na inafanya kazi kwenye Windows, Linux na Mac. Ilianzishwa mwaka 1992 na Jean-Pierre Charras, mwalimu wa chuo huko Grenoble, Ufaransa, na baadaye CERN, kituo kikubwa cha utafiti wa fizikia, kikachangia kuikuza. Kuipakua kunakula bando, kwa hiyo mwenye intaneti ya mashaka aitafute kwa rafiki aliyenayo kwenye flashi.

Kabla ya kuchora njia hata moja, badilisha vipimo vya msingi. Vile vinavyokuja na programu ni vya kiwandani. Kwa kazi ya pasi weka njia za milimita 0.8 na nafasi ya milimita 0.5 kati ya njia na njia, kisha ongeza pedi za rezista na kapasita zifike milimita 2. Miguu ya aisi (IC, kile kipande cheusi chenye miguu mingi) ya kawaida iko umbali wa milimita 2.54, kwa hiyo pedi zake zifanye za mviringo mrefu. Mkono ukishazoea unaweza kushuka hadi njia za milimita 0.3, lakini usianzie huko.

Njia iwe pana kiasi gani kwa umeme mwingi?

Kwa shaba ya maikromita 35, ukikubali njia ipate joto nyuzi 10 juu ya hewa iliyoizunguka, ampea 2 zinahitaji karibu milimita 0.8, ampea 3 milimita 1.4, na ampea 5 milimita 2.8. Ukiwa na nafasi, panua zaidi ya hapo, maana haikugharimu chochote. Kwenye bodi za sola na chaja za betri, wengi huacha njia kuu bila kupakwa kinga ya juu, kisha huilaza kwa risasi ya kulehemu au huchomelea waya wa shaba juu yake. Wanaume kwa wanawake wa ufundi wamefanya hivyo miaka mingi, na inafanya kazi.

Nichapishe mchoro kinyume au kawaida?

Hili ndilo swali linaloharibu bodi nyingi kuliko yote. Fuata herufi, usifuate maelezo. Andika herufi moja, tuseme R, kwenye tabaka la shaba unalotaka kulichapisha. Bodi ikishakamilika, herufi hiyo lazima isomeke vizuri ukiitazama shaba. Kwa kuwa karatasi inageuzwa ikilazwa juu ya shaba, kwenye karatasi herufi lazima iwe kinyume.

Programu huonyesha tabaka la chini kana kwamba unatazama kupitia juu ya bodi, kwa hiyo herufi ya tabaka la chini inaonekana kinyume tayari kwenye skrini. Ichapishe hivyohivyo bila kugeuza. Tabaka la juu ndilo linalohitaji kugeuzwa wakati wa kuchapisha. Ukigeuza la chini, utapata bodi safi kabisa ambayo aisi yake itabidi ikalie mgongo.

Kwenye karatasi aisi yangu haikai kwenye matundu yake. Kwa nini?

Printa imebana mchoro uenee kwenye ukurasa. Ukichapisha, chagua asilimia 100 na uzime kila chaguo la kutosheleza ukurasa. Kama unachapishia stesheneri, simama pembeni ya mhudumu na umwombe aonyeshe chaguo hilo, kwa sababu mara nyingi limewashwa na hana sababu ya kulizima. Kisha chapisha kwanza kwenye karatasi ya kawaida, weka soketi ya aisi juu ya mchoro, na hakikisha miguu yote inaangukia pedi zake. Shilingi chache za karatasi hiyo zinaokoa kipande cha bodi.

Je, printa ya wino wa maji inafaa?

Haifai. Tunahitaji tona, ule unga mweusi wa plastiki unaoyeyuka kwa joto na kushika kwenye shaba. Wino wa maji hauyeyuki wala hauzuii asidi. Ila unaweza kuchapisha kwa wino wa maji, kisha ukatoa kopi kwa mashine ya fotokopi, kwa kuwa fotokopi nayo hutumia tona. Angalia tu kipimo tena, maana baadhi ya mashine hukuza au kupunguza kidogo. Mwambie mhudumu aongeze weusi hadi mwisho na azime hali ya kubana tona.

Karatasi ipi ni nzuri?

Inayong'aa, na inayoachia tona kirahisi. Kurasa za magazeti ya kung'aa, yale ya mitindo au ya matangazo, hufanya kazi nzuri kwa sababu upakwaji wake unalowa na kuachia ukiwekwa majini. Maandishi yaliyomo hayana shida, kwani wino wa kiwanda cha uchapishaji hauhami kama tona. Karatasi ya nyuma ya stika, ile inayobaki ukishabandua stika, inaachia tona yote bila hata maji, ila unga wake unaweza kufutika kwa kidole kabla hujafika nyumbani. Ibebe ikiwa wazi juu ya kadibodi, usiikunje. Zipo pia karatasi maalumu za njano zinazoagizwa, na ukizipata zinapunguza kazi.

Karatasi ya picha ya wino wa maji inahitaji tahadhari. Baadhi zina tabaka la plastiki linaloweza kuyeyuka na kuganda kwenye rola za printa ya leza. Hakuna mwenye stesheneri atakayekuchekea ukimharibia mashine. Kama huna uhakika, usiipitishe.

Karatasi ya gazeti ni nyepesi na huweza kukwama. Ikate kidogo kuliko A4, bandika ukingo wake wa mbele kwenye karatasi ya kawaida kwa kipande cha lebo ya karatasi, na uitie kwenye trei ya mkono. Selotepu ya plastiki iache, joto la ndani litaiyeyusha.

Nisafisheje shaba?

Hapa ndipo kazi inapofaulu au kufeli. Shaba iliyokaa dukani ina kutu hafifu usiyoiona na mafuta ya vidole vya kila aliyeishika. Tona haishiki juu ya mafuta.

Isugue kwa msasa laini sana, namba 400 au 600, au kwa sufi ya chuma inayosugulia sufuria, ukizungusha mkono pande zote hadi rangi iwe ya waridi na iwe sawa kote. Tunataka mikwaruzo midogo ya kuishikilia tona, ila isiwe mifereji. Kisha osha kwa sabuni ya vyombo, suuza, kausha, na ufute kwa asetoni au spiriti kwa kutumia karatasi safi. Endelea kufuta kwa karatasi mpya hadi isitoke na weusi. Jaribio la mwisho ni la maji. Mwagia maji kidogo. Yakitandaa kama utando mmoja, shaba ni safi. Yakijikusanya kuwa matone, mafuta yapo bado, rudia. Kuanzia hapo shika bodi kwa kingo tu, na usiiache ikae saa nzima ukitafuta pasi, hasa ukiwa pwani, ambako hewa yenye chumvi inaanza kuila shaba mara moja.

Kata bodi kabla ya kusafisha, siyo baada. Na kingo zake zipige tupa, maana zikiwa zimeinuka pasi haitagusa katikati.

Pasi iwe na joto gani, na kwa muda gani?

Weka kwenye alama ya pamba au kitani, mvuke uzimwe na maji yamwagwe. Chini weka ubao mgumu, usitumie meza ya pasi yenye sponji, kwa sababu tunahitaji shinikizo. Pasha shaba kwanza kwa nusu dakika, kisha laza karatasi, tona ikitazama shaba. Ikishagusa haisogezwi tena.

Bonyeza kwa uzito wa mwili dakika moja bila kusogeza, ili karatasi ishike. Baada ya hapo pitisha ncha ya pasi polepole juu ya kila sehemu, kingo na pembe zaidi, kwa dakika tatu hadi tano kwa bodi yenye ukubwa wa kiganja. FR-4 inastahimili. Ya kahawia ipunguzie muda, maana ikizidiwa shaba huvimba kama chapati. Mwishoni weka kitabu kizito juu yake hadi ipoe.

Kisha izamishe kwenye maji ya uvuguvugu yenye sabuni kidogo kwa dakika 10 hadi 15. Usiivute karatasi, iache ilegee yenyewe. Sugua mabaki kwa kidole gumba na mswaki mzee. Nyuzi za karatasi zilizobaki juu ya tona hazidhuru, bali zile zilizobaki kati ya njia mbili, na ndani ya pedi, zitazuia asidi na kukuachia shoti. Kausha bodi uikague, kwa sababu nyuzi hizo hazionekani zikiwa zimelowa.

Umeme ukikatika, pasi ya mkaa inafaa?

Inafaa kwa uzito wake, ambao ni bora kuliko wa pasi nyingi za umeme. Tatizo ni kupima joto. Jaribu kwenye karatasi nyeupe: ikigeuka kahawia ndani ya sekunde chache, subiri ipoe. Futa masizi na jivu chini yake. Ukipata stesheneri yenye mashine ya laminesheni, hiyo ni bora kuliko pasi zote kwa kuwa joto na shinikizo lake ni sawasawa, ila bodi ya milimita 1.6 hukwama kwenye mashine nyingi. Ya milimita 0.8 hupita, na unaipitisha mara nyingi mfululizo.

Tona imeshika sehemu na sehemu imebaki kwenye karatasi. Nifanye nini?

Zikiwa ni sehemu ndogo, ziba kwa maka peni isiyofutika kwa maji, mikono miwili ya wino, ya pili baada ya ya kwanza kukauka. Rangi ya kucha inafanya kazi vizuri zaidi, na njiti ya kiberiti iliyochongwa ni brashi tosha. Zikiwa nyingi, futa yote kwa asetoni na uanze upya. Kukarabati bodi iliyokosa theluthi ya njia zake ni kazi ya saa nzima, wakati kurudia ni ya nusu saa.

Jinsi ilivyofeli inakueleza sababu. Ikikosa katikati, bodi au ubao wa chini haujanyooka. Ikikosa kingo, ncha ya pasi haikufika. Ikikosa hapa na pale bila mpangilio, ni mafuta. Njia zikiwa zimevimba na kugusana, umebonyeza mno au joto limezidi. Tona ikitoka na matundu madogo kama vinyweleo, printa ilikuwa inabana tona.

Naweza kuchora kwa mkono bila kompyuta?

Ndiyo. Kwa saketi ya rezista tano na transista mbili, maka peni na rula vinatosha, na utamaliza kabla mwenzako hajawasha kompyuta. Weka alama za matundu kwanza kwa kupiga msumari mdogo kupitia mchoro wa karatasi, kisha unganisha alama hizo.

Nitumie asidi gani?

Chaguo la kawaida ni feriki kloraidi, ambayo ni chumvi ya chuma yenye ukali wa asidi. Maduka ya kemikali za maabara huwa nayo, na hata baadhi ya maduka ya vipuri vya elektroniki, kama yale ya Kariakoo, Dar es Salaam, au Luthuli Avenue mjini Nairobi. Haichemki, haitoi moshi mkali ikiwa baridi, na unaitumia tena na tena. Ubaya wake ni madoa ya manjano-kahawia kwenye nguo, sakafu na sinki, ambayo hayatoki kirahisi. Ya mabonge ya manjano, changanya gramu 400 hadi 500 kwa lita moja ya maji. Kama ni unga mweusi mkavu, fahamu kwamba unachemsha maji kwa nguvu: tia unga kidogokidogo ndani ya maji mengi, nje ya nyumba, na kamwe usimwage maji juu ya unga.

Njia ya pili ni ya jikoni: siki nyeupe, chumvi ya kutosha, na haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3 kutoka duka la dawa. Inageuka kijani-bluu ikianza kula shaba. Ni ya polepole, unaongeza peroksaidi kila inapochoka, lakini kwa bodi ndogo ya mwanafunzi inatosha.

Ya tatu ni asidi ya haidrokloriki, ile ya kusafishia vyoo na vigae, pamoja na peroksaidi. Inamaliza kazi kwa dakika chache na inatoa gesi ya klorini. Sishauri ifanywe ndani ya nyumba hata kama dirisha limefunguliwa, wala na mtu ambaye hajawahi kutengeneza bodi.

Kwa zote: glovu za mpira, miwani, na nguo usiyoipenda.

Na asidi ya betri ya gari?

Hapana. Asidi ya salfuriki iliyochanganywa na maji haili shaba peke yake, kwa hiyo utakaa ukiitazama bodi hadi usiku na kilichotoboka kitakuwa suruali. Asidi ya naitriki ndiyo inayokula shaba haraka, lakini moshi wake wa kahawia ni sumu ya mapafu. Achana nayo.

Nitumie chombo gani?

Plastiki au kioo tu. Sufuria ya alumini ni hatari: feriki kloraidi huishambulia kwa nguvu, inachemka, inatoa haidrojeni, na sufuria inatoboka mkononi. Chombo cha plastiki cha kuhifadhia chakula kinafaa sana, na hakirudi tena jikoni. Vibanio vya chuma navyo viache, tumia vya plastiki au uzi wa nailoni uliopitishwa kwenye tundu la bodi.

Inachukua muda gani?

Feriki kloraidi mpya yenye joto la nyuzi 40 hadi 50 inamaliza kwa dakika 10 hadi 20. Ikiwa baridi au imechoka, saa nzima. Ili kuipasha, weka chombo chake ndani ya beseni la maji ya moto, kamwe usikiweke juu ya jiko. Tikisa polepole muda wote, au elekeza shaba chini, ili uchafu unaotoka udondoke badala ya kufunika shaba.

Kuna njia ninayoipenda zaidi: glovu, kipande cha sponji, na vijiko vichache vya dawa, yaani hiyo feriki kloraidi. Unaisugua shaba taratibu kwa sponji iliyolowa, na mara nyingi dakika tano zinatosha. Dawa inayotumika ni kidogo, na unaona kila hatua.

Itoe mara tu shaba ya mwisho inapoondoka. Dawa hula pia kwa pembeni, chini ya tona, kwa hiyo bodi iliyosahaulika hutoka na njia nyembamba kama uzi au zilizokatika.

Lita moja inatosha bodi ngapi?

Tufanye hesabu. Bodi ya sentimita 10 kwa 10 ina shaba ya karibu gramu 3.1. Kuila yote kunahitaji karibu gramu 26 za mabonge ya feriki kloraidi. Lita yenye gramu 500 ingetosha bodi kama hizo 19, kwa nadharia tu, kwani kabla ya kufika huko inakuwa nzito na ya kijani-nyeusi, na kasi yake inakuchosha. Lakini pia si shaba yote inayoliwa. Kwenye KiCad jaza sehemu tupu kwa shaba iliyounganishwa na hasi. Utapunguza dawa inayotumika, muda, na hata kelele za umeme kwenye saketi.

Matundu nitoboe kwa nini?

Milimita 0.8 kwa aisi, rezista na transista ndogo. Milimita 1 kwa dayodi za 1N4007, viunganishi na vidhibiti volti kama 7805. Milimita 3 kwa skrubu za kufungia. Keekee za kabaidi zinabaki kali kwenye FR-4 lakini ni kama kioo, zinavunjika mkono ukiyumba kidogo, kwa hiyo zinahitaji drili iliyosimamishwa kwenye stendi. Kwa drili ya mkononi tumia keekee za chuma za kawaida na ukubali kuzibadilisha.

Kwenye mchoro acha kitone cheupe katikati ya kila pedi, kisichozidi milimita 0.4. Asidi itakichimba, na ncha ya keekee itajikalia hapo yenyewe. Vaa barakoa, vumbi la FR-4 ni kioo. Lifute kwa kitambaa chenye maji, usilipulize kwa mdomo.

Je, pande mbili zinawezekana? Na vipande vidogo vya juu ya bodi?

Pande mbili zinawezekana kwa kutoboa matundu mawili ya pembeni kwanza na kulinganisha karatasi kwa pini. Lakini matundu yako hayatakuwa na shaba ndani, kwa hiyo kila unapovuka upande inabidi upitishe waya na kuulehemu juu na chini. Mara nyingi upande mmoja na jampa chache za waya ni jibu la haraka zaidi, na hakuna aibu kwenye jampa.

Vipande vya kubandika juu vinafaa kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu havihitaji kutobolewa. Aisi zenye miguu ya milimita 1.27 na moduli za ESP32 (kompyuta ndogo zenye Wi-Fi) zinawezekana. Zenye miguu ya milimita 0.5, peleka kiwandani.

Nimesikia jua linaweza kutumika badala ya pasi. Kweli?

Kweli, ila si kwa tona. Kuna filamu ya bluu inayobandikwa kwenye shaba, ambayo hugumu ikipigwa na miale ya urujuanimno. Unaweka juu yake mchoro uliochapwa kwenye plastiki angavu, njia zikiwa nyeupe na nafasi zikiwa nyeusi, unabana kwa kioo na kuiweka juani. Jua la saa sita mchana la huku kwetu ni kali, kwa hiyo fanya kipande cha majaribio: funika kwa kadibodi na uisogeze hatua kwa hatua, kisha chagua muda uliotoa njia safi.

Filamu ambayo haikugumu inaoshwa kwa sodiamu kaboneti, gramu 10 kwa lita ya maji. Ndiyo kemikali inayozalishwa Ziwa Magadi, Kenya. Ukiikosa, oka soda ya kuokea kwenye oveni kwa nyuzi 200 hadi iache kupungua uzito, itageuka kuwa kaboneti. Njia hii inatoa njia nyembamba kuliko pasi. Ni nzuri kwa anayetengeneza bodi kila wiki, na ni usumbufu kwa anayetengeneza moja kwa mwaka.

Nitajuaje kama njia zote ziko sawa?

Inyanyue bodi ya FR-4 dhidi ya jua au taa. Inapitisha mwanga, na ufa mwembamba kama unywele utauona. Kisha pima kwa maltimita kwenye alama ya mlio: njia jirani zisilie, miisho ya njia moja ilie. Pima kabla ya kulehemu chochote.

Naweza kutengeneza bodi ya umeme wa ukutani?

Saketi za volti 12 kushuka chini, fanya utakavyo. Kwa volti 230 au 240 uwe mkali. Acha angalau milimita 6 kati ya upande wa umeme mkubwa na upande anaogusa mtu, ondoa shaba yote katikati, weka fyuzi, na funga bodi ndani ya boksi. Tona inayovuja huacha vidoti vya shaba visivyoonekana, na kwenye volti 5 havina madhara. Kwenye 230 ni habari nyingine. Kama ni mradi wa kwanza, tumia adapta ya kununua iliyofungwa, na bodi yako ianzie kwenye volti 12 zake.

Shaba yangu inageuka kijani. Niilinde vipi?

Futa tona kwa asetoni siku hiyohiyo utakayolehemu, siyo kabla, kwa kuwa tona yenyewe ni kinga. Yeyusha rozini (utomvu mkavu wa msonobari) kwenye spiriti na uipake. Inazuia kutu na inasaidia risasi kushika. Ukishalehemu, futa mabaki kwa spiriti na upige vanishi angavu. Mwanza au Arusha unaweza kulisahau hilo la vanishi kwa muda, Tanga na Unguja huwezi.

Dawa iliyotumika niihifadhi au niimwage wapi?

Ihifadhi kwenye chupa ya plastiki nene, iandikwe kwa herufi kubwa, mbali na watoto. Kamwe isiwe chupa ya soda au ya maji ya kunywa: feriki kloraidi inafanana sana na chai ya rangi. Mchanganyiko wenye peroksaidi hauhifadhiwi kwenye chupa iliyofungwa, maana unaendelea kutoa gesi na chupa itapasuka.

Ikichoka kabisa usiimwage sinkini, mtaroni wala chooni. Shaba iliyoyeyuka inaua samaki na mimea, na katika nyumba nyingi maji ya shimo hayako mbali na ya kisima. Itie kwenye ndoo kubwa ya plastiki, ongeza magadi au sodiamu kaboneti kijiko kimoja kimoja, ukingoja povu litulie kila mara, hadi povu lisitoke tena. Matope mazito yatashuka chini. Iache hadi kesho yake. Maji ya juu yakiwa bado na rangi ya bluu au kijani, shaba imo, ongeza magadi. Yakiwa maangavu, yachote. Matope yaliyobaki changanya na saruji na mchanga kidogo, mimina kwenye kopo kuukuu, na likishaganda lipeleke na taka ngumu.